Wanafunzi waanze kuthibitisha mapema

Mhariri,

Nasomea ualimu wa hisabati, mwaka wa pili. Kwetu ni Mikindani, Mtwara. Kidato cha sita tulikokotoa matriksi (majedwali ya namba) hadi usiku. Chuoni swali likageuka: ikiwa A na B ni matriksi za mraba za ukubwa mmoja na AB = I (I ni matriksi ambayo kuzidisha nayo hakubadilishi kitu, kama 1 kwa namba), thibitisha kwamba BA nayo ni I. Darasa zima kimya! Mifano elfu ya namba haithibitishi dai hilo, ilhali mfano mmoja wa kinyume ungeliangusha. Nilipolielewa hili nilifurahi kuliko kwa jibu lolote la kikokotoo.

Walimu wetu wa sekondari huku Kusini, nawaomba sana, wadaini wanafunzi sababu ya kila hatua. Waanze na dogo: namba witiri mbili, kama 3 na 5, zikijumlishwa huwa shufwa, kama 8. Kidato cha pili wanaliweza, m na n zikiwa namba nzima zozote: (2m+1) + (2n+1) = 2(m+n+1).

Mwanachuo,
Mikindani