Watafiti wa Kivu wawemo tangu swali la kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi tunaofanya kazi ya utafiti hapa Bukavu tumekuwa tukilizungumza pembeni kwa miaka mingi: tafiti zinazotumiwa kutunga sheria na kupanga miradi ya Kivu Kusini hufanywa kwa miguu yetu na kwa ndimi zetu, lakini swali la kwanza hutungwa bila sisi, na neno la mwisho huandikwa bila sisi.

Miaka kadhaa iliyopita shirika moja la kigeni liliniajiri, kwa malipo ya kutwa, niwahoji watu wa machimbo ya dhahabu ya Kamituga. Maswali yalikuja yakiwa tayari ndani ya tableti, na la tatu liliuliza: "Je, wewe ni mchimbaji?" Kila mama twangaise niliyemwuliza alijibu hapana. Jina lao linajieleza: ndio wanaotwanga mawe ndani ya kinu cha chuma mpaka yawe unga, ili dhahabu ipatikane, lakini kwa desturi hawashuki shimoni, na kwao mchimbaji ni yule anayeshuka. Mmoja alinijibu bila kuuweka chini mchi wake, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Nilipobonyeza "hapana", tableti iliyaruka maswali yote ya kipato na ya afya, ikanipeleka moja kwa moja kwenye idadi ya watoto. Jioni ile ile niliwaandikia wakubwa wa utafiti kueleza kasoro hiyo, nikajibiwa kwamba maswali yamekwisha kuidhinishwa. Ripoti ilipotoka, kwa Kiingereza, wanawake wale walihesabiwa kuwa hawana kazi. Sisi tuliowahoji tulishukuriwa katika ukurasa wa mwisho kama "wasaidizi wetu wa huko", bila jina hata moja.

Sililii jina tu, ingawa jina nalo lina uzito wake, kwa maana msomi asiyetajwa popote hapati ufadhili wa shahada ya udaktari wala haalikwi kwenye mikutano ambako mambo yetu huamuliwa. Linaloniuma zaidi ni kwamba kosa la swali moja hupanda ngazi hadi likawa sera, na wakati huo hakuna tena wa kulirekebisha.

Wasomaji wako wa Kalehe, Shabunda na Mwenga hawajaisahau ile tuliyoiita "Loi Obama", yaani Sheria ya Obama. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka kampuni zieleze kama bati, koltani, wolframi na dhahabu zinazotumia zinatoka Kongo au katika nchi jirani, kwa nia njema ya kuwanyima fedha wenye silaha. Septemba mwaka huo huo Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011, na hata uliporuhusiwa tena, wanunuzi wengi hawakurudi. Familia zilizoishi kwa koleo zilikosa karo ya watoto na dawa. Septemba 2014 watu 70, wasomi na wataalamu, Wakongomani na wageni, walitoa barua ya wazi wakitaka, pamoja na mengine, jamii za machimbo zishirikishwe ipasavyo. Ilikuwa miaka minne baada ya sheria, na mengi yaliyoandikwa humo angeweza kuyasema mapema mtafiti yeyote wa hapa aliyewahi kulala kwenye machimbo ya Nyabibwe usiku mmoja.

Hata hivyo haitakuwa haki nikiwanyoshea kidole wageni peke yao. Katika timu zetu wenyewe mwanamke hupewa daftari la matumizi na orodha ya chakula, huku wanaume wakigawana sura za ripoti. Ndugu zetu Batwa, waliotolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970, wamehojiwa kwa miaka mingi, na nchi ina sheria ya kulinda haki zao tangu Julai 2022. Lakini sijawahi kufanya kazi chini ya mtafiti Mutwa. Nami nina deni langu. Sisemi Kilega, na kule Kamituga kijana mmoja alinitafsiria kwa siku tisa, lakini jina lake halimo katika taarifa niliyoiandika kwa mkono wangu. Nimemwomba radhi.

Ninaviomba vyuo vyetu na ofisi zinazotoa vibali visitie sahihi mpaka vione kwamba Wakongomani, wanawake wakiwemo, wametajwa kama watafiti wenza tangu maswali yanapotungwa, na kwamba maswali hayo yamejaribiwa mahali yatakapoulizwa. Matokeo nayo yarudi kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2006 inakitambua kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, yasomwe mbele ya waliohojiwa.

Kwa upande wangu nimekwisha kuandika kwa Kiswahili muhtasari wa yale ambayo ripoti ile ilisema kuhusu mama twangaise, pamoja na yale waliyoniambia wenyewe na hayakuandikwa. Gazeti lako likikubali kuuchapa, nitazibeba nakala hadi Kamituga.

Wako,
Mtafiti, Ibanda, Bukavu