Kabla hujaiuza kompyuta ya zamani: jinsi leseni ya Windows inavyohamishwa kwenye kompyuta mpya

Wateja wetu wengi hapa Chake Chake hutujia baada ya ubao mama wa kompyuta, yaani ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zake zote, kuliwa na kutu kwa hewa ya chumvi, au kuungua pale umeme uliokatika unaporudi kwa nguvu, wakataka tuwaundie kompyuta mpya na tuwawekee Windows ileile waliyokwisha kuilipia. Ombi hilo ni la haki. Jibu lake, hata hivyo, linategemea aina ya leseni, na aina hiyo haijulikani kwa kuitazama kompyuta kwa nje.

Leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani, inayotambulishwa kwa herufi OEM, imefungwa kwenye ubao mama wa kwanza. Unaweza kuongeza kumbukumbu au kubadilisha diski na leseni ikabaki salama, lakini ubao huo ukifa, leseni nayo imekwisha, isipokuwa pale mtengenezaji mwenyewe anapoubadilisha kwa ubovu ndani ya muda wa dhamana. Kompyuta nyingi zilizokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kufika visiwani kwetu ni za aina hii, na ndiyo maana kuibandua stika ya leseni ya zamani na kuibandika kwenye kasha jipya hakumpi mtu haki yoyote.

Leseni ya rejareja, iliyonunuliwa peke yake pamoja na ufunguo wa herufi na tarakimu 25, inahamishika, kwa sharti kwamba itumike kwenye kompyuta moja tu kwa wakati mmoja. Iko pia ya taasisi, ambayo ni mali ya taasisi yenyewe. Mwalimu aliyewekewa leseni ya skuli hawezi kwenda nayo nyumbani.

Ili kuitambua, fungua dirisha la amri (Command Prompt) katika kompyuta ya zamani, andika slmgr /dli, kisha ubonyeze Enter. Katika maelezo yatakayotokea tafuta neno RETAIL (ya rejareja), OEM (ya kiwandani) au VOLUME (ya taasisi). Tunasisitiza kazi hii ifanyike wakati kompyuta ya zamani ingali inawaka. Mteja wetu mmoja kutoka Mkoani aliiuza ya kwake kwanza, ndipo akaja kutuuliza. Hakuwa na ufunguo, hakuwa na risiti, na ilitubidi tumwambie anunue leseni nyingine, jambo lililotusikitisha kwa sababu huenda lingeepukika kwa dakika tano.

Ikiwa leseni ni ya rejareja, tunahakikisha kwanza kuwa ufunguo umeandikwa mahali salama, tunauondoa kwenye kompyuta ya zamani kwa amri ya slmgr /upk, kisha tunauingiza kwenye mpya. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2016, leseni ya kidijitali, yaani ile iliyosajiliwa kwenye mtandao wa Microsoft, inaweza pia kuunganishwa na akaunti ya Microsoft: ukiingia kwa akaunti hiyohiyo kwenye kompyuta mpya na kueleza, katika sehemu ya uamilishaji (Activation) ya mipangilio ya Windows, kwamba umebadilisha vifaa hivi karibuni, utaonyeshwa orodha ya kompyuta zako ili uichague ile ya zamani. Daraja la Windows lazima lilingane, Home kwa Home na Pro kwa Pro. Wengi hukwama katika nywila, kwa kuwa akaunti ilifunguliwa kwa namba ya simu ambayo hawanayo tena. Tafadhali rekebisheni namba hiyo katika akaunti mapema.

Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta mpya tunaziwekea Windows 11, ambayo hukubali ufunguo halali wa Windows 10 wa daraja lilelile.

Programu za kuvunja leseni hatuziweki, hata mteja akisisitiza, kwa sababu mara nyingi hutaka kinga ya virusi izimwe kwanza, na katika kompyuta hizohizo ndimo mnamohifadhi hesabu za maduka na picha za familia. Kuitambua leseni yako hatukutozi. Njoo na kompyuta ya zamani siku unayoagiza mpya, pamoja na kisanduku au risiti kama bado unavyo.