Binamu, mieleka nimeiacha, na sababu si ile unayoitangaza

Binamu yangu,

Assalaam aleykum. Uliniuliza kwenye kundi la familia, mbele ya mashangazi na watoto, kama uzee umenifikia hadi siangalii tena mieleka ya Marekani. Halafu kabla sijafungua mdomo ukajijibu mwenyewe: "Leo ndiyo kagundua kwamba wale wanaigiza." Watu wakacheka. Sasa kwa kuwa uliniumbua hadharani, nakujibu hadharani. Jina lako nimelisitiri kwa heshima ya mjomba, si kwa heshima yako.

Tulimalize kwanza hilo la maigizo. Mjomba alitwambia tangu tuko wadogo, kila akitukuta kwenye kile kibanda umiza cha Ngamiani, tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatutiririka, tunaangalia mkanda wa video uliochezwa mpaka picha imejaa mistari. "Wanadanganyana hao, nyie mnalipa." Tukamwona yeye ndiye hajui mambo. Lakini tulipofika sekondari sote wawili tulishajua, na hatukuacha. Tulijua mshindi anapangwa ofisini. Tulijua damu ya kwenye paji la uso mara nyingi ni kipande cha wembe kilichofichwa kwenye bandeji ya mkononi. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unanionyesha, "Muone anavyomnong'oneza mwenzake, wanapangana hapo." Ubishi wetu ulikuwa wa mafundi: nani anajua kuanguka, nani anampokea mwenzake vizuri, adui gani anajua kuchukiwa. Undertaker, yule aliyeigiza mfu, alipokuwa akiinuka ghafla baada ya kupigwa, hakuna aliyeamini ni mfu. Wazee wa pale kibandani walikuwa wanamwonea huruma tu: ashuke na lile koti lake jeusi mpaka Tanga, aone wenye kazi zao.

Tena kampuni yenyewe inayoandaa mieleka hiyo, WWE, ilikiri zamani. Mwaka 1989, enzi hizo ikiitwa WWF, watu wa bosi wake, Vince McMahon, walikwenda mbele ya seneti ya jimbo la New Jersey wakaeleza kwamba mieleka yao ni burudani, si mashindano. Hawakusema hivyo kwa uungwana. Walitaka watoke chini ya tume inayosimamia ngumi, na ile kodi ya matangazo ya televisheni iwaondokee. Hapo nataka usimame kidogo, mgosi. Sisi tunakesha tukibishana kama pigo ni la kweli, kumbe wenye mali wameshakiri, na wamekiri kwa sababu kukiri kuna faida. Mbele ya mtoza kodi ni maigizo. Ukumbini ni vita. Na yule anayeanguka, mifupa yake haijui kama leo ni burudani.

Unakumbuka Mick Foley na Undertaker, ule mkanda wa pambano la ndani ya kizimba? Tarehe 28 Juni 1998, Pittsburgh. Foley anarushwa kutoka juu ya kizimba, kimo cha karibu meta tano, anatua juu ya meza ya watangazaji. Wanamtoa kwa machela, anagoma, anapanda tena. Anapigwa tena, safari hii paa la kizimba linaachia na yeye anapita nalo mpaka ulingoni. Jino lake likakutwa puani. Tulirudisha nyuma mkanda ule mpaka mwenye kibanda akatuondolea rimoti. Tulikuwa tunashangilia, na sikukatazi kushangilia, maana yule bwana alitaka kushangiliwa. Ninachosema ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani analipa hospitali.

Mwaka uliofuata, tarehe 23 Mei 1999, Owen Hart alikuwa anashushwa kwa kamba kutoka darini mwa ukumbi Kansas City, aingie kwa mbwembwe. Kifyatulio kikaachia mapema. Akaanguka zaidi ya meta 20. Miaka 34, ana mke na watoto wawili. Onyesho likaendelea. Wenzake waliitwa waingie wapigane kwenye ulingo uleule alioangukia. Baadaye kampuni iliilipa familia dola milioni 18 nje ya mahakama. Habari ya kifo ilitufikia sisi kabla ya mkanda, na mkanda wenyewe uliuliziwa sana pale Ngamiani, lakini tukio lile halikuwamo. Kamera zilikuwa zimeelekezwa kwingine.

Halafu ile picha. Machi 2004, Madison Square Garden, Eddie Guerrero na Chris Benoit wamekumbatiana ulingoni, kila mmoja na mkanda wake wa ubingwa, makaratasi yanawanyeshea. Wewe uliichapisha ukaibandika juu ya kitanda chako. Wafupi wawili waliokuwa wakiambiwa maisha yao yote kwamba hawana umbo la ubingwa. Novemba 2005 Eddie akakutwa amefariki hotelini, moyo, ana miaka 38. Juni 2007 Benoit akamuua mkewe, akamuua mwanawe wa miaka saba, akajiua. Madaktari waliochunguza ubongo wake walikuta umeharibika vibaya, na wakayahusisha madhara hayo na mapigo ya kichwa ya miaka mingi. Simtetei. Mtoto yule hakuwa na kosa. Lakini ile picha uliibandua usiku, na tangu siku hiyo sijakusikia ukimtaja Benoit, kwa hiyo usiniambie mimi ndiye niliyeanza kuikimbia mieleka.

Sasa sikiliza jambo linaloniudhi kuliko yote, maana hili lina mkataba. Wale watu, kwa karatasi za kampuni, si waajiriwa. Wanaitwa wakandarasi wa kujitegemea. Miaka na miaka mwanamieleka wa kawaida amekuwa akijilipia hoteli, gari la kutoka mji mmoja hadi mwingine, na bima yake ya afya. Lakini "kujitegemea" huko hakumruhusu kwenda kufanya kazi kwa jirani. Mwaka 2020 walifika mpaka kuwakataza kujitafutia riziki kwenye mitandao kama Twitch na Cameo. Na Aprili ya mwaka huohuo, korona imeshika, kampuni iliachisha watu wengi siku moja, wakati serikali ya Florida imeitangaza mieleka kuwa huduma ya lazima isiyofungwa.

Sisi ni wajukuu wa manamba, binamu. Babu alikatwa jina akapewa namba na kipande, akakata mkonge mpaka siku zake zitimie. Lakini hata manamba alikuwa na posho na zahanati ya kambini, mbaya ilivyokuwa. Nikisoma ile mikataba ya Marekani nasikia harufu ya mkonge.

Na walijaribu kujiunga. Mwaka 1986 Jesse Ventura, yule aliyekuja kuwa gavana wa Minnesota, aliwaambia wenzake waanzishe chama cha wafanyakazi. Habari zikamfikia bosi. Miaka baadaye, Ventura alipoishtaki kampuni, ikajulikana mahakamani kwamba aliyezipeleka ni Hulk Hogan. Stelingi mwenyewe! Bandana kichwani, anawahimiza watoto wasali na kula vitamini. Chama hawana hadi leo. Usiseme pesa hakuna: tangu Januari 2025 Raw, onyesho lao la kila wiki, iko Netflix, kwa mkataba wa zaidi ya dola bilioni 5 kwa miaka 10.

Nikija kwetu sisi weusi, ndiyo maumivu yenyewe. Kamala unamkumbuka? "Jitu la Uganda." Pekupeku, mkuki, kinyago, nyota kifuani na mwezi tumboni, na mzungu aliyefunikwa uso, kofia ya kisafari, akimwongoza kama mnyama. Walisema alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Mjomba, ambaye alikwenda vitani akafika Kampala mwaka 1979, aliuangalia mkanda ule dakika mbili. "Mganda wa wapi huyu? Mimi nimewaona Waganda, wamevaa viatu." Sote tukaangua kicheko. Kumbe yule bwana aliitwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi. Kisukari kilimkata miguu yote miwili, korona ikamchukua Agosti 2020, na kwenye taarifa za kifo bado walimwita jitu la Uganda. Hata hakuwa peke yake. Mwaka 1988 walimchukua mzungu mnene, wakamvisha kanzu ya rangi za Kiafrika, wakampa jina Akeem, wakasema amegundua asili yake. Hilo silifafanui, litafute ulicheke mwenyewe.

Kwa hiyo Kofi Kingston alipokuja, tulimpokea na historia hiyo yote mgongoni. Mzaliwa wa Kumasi, Ghana. Walipomwingiza mwaka 2008 walimfanya Mjamaika, na lafudhi ya kubandika, mpaka siku moja wakaisahau. Miaka 11 anaruka, anachekesha, anarusha chapati za maji kwa watazamaji. Halafu mwanzoni mwa 2019 mwanamieleka mwingine akaumia, yeye akaingizwa kuziba nafasi, watu wakamshangilia hadi waandishi wa kampuni, wale wanaopanga nani ashinde, wakalazimika kubadili hadithi. Tarehe 7 Aprili 2019 akampiga bingwa Daniel Bryan, akawa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Kwetu ilikuwa Jumatatu asubuhi. Ulinipigia simu huongei, unapumua tu. Watoto wake wawili wamepanda ulingoni. Mimi nilichelewa kazini nikasema foleni, Tanga hii, mji wa baiskeli, foleni ipo wapi? Bosi akaniangalia tu.

Kofi aliupeleka ubingwa Ghana. Tukasema, hatimaye.

Tarehe 4 Oktoba 2019, SmackDown, onyesho lao jingine la kila wiki, linaanza kuonyeshwa kituo cha Fox, usiku wa kwanza, Los Angeles. Kengele inalia. Brock Lesnar anambeba mara moja, anamzungusha, anamtupa, anamlalia. Sekunde hazikufika kumi. Miezi sita ya ubingwa, miaka 11 ya kusubiri, imekwisha kabla hujamaliza kumeza tonge. Na Kofi hajatoka ulingoni vizuri, muziki unapigwa, anaingia Cain Velasquez kumkabili Lesnar, kwa sababu mwaka 2010 aliwahi kumpiga kwelikweli kwenye UFC, mapigano yasiyopangwa, na mechi yao mpya ikapangiwa Riyadh, Saudia, mwishoni mwa mwezi. Kofi alikuwa mlango. Walimfungua wakapita.

Utasema, "Si umesema mwenyewe unajua wanapanga?" Najua. Ndiyo maana nakasirika. Kama lingekuwa pambano la kweli, Lesnar ana mwili ule, ningesema kazidiwa, nikanywa chai yangu. Lakini hii mtu alikaa na kalamu akaandika sekunde zile. Angeweza kumwandikia dakika 15 na Lesnar akashinda vilevile. Hasara yake ilikuwa nini? Wiki zilizofuata hakuandikiwa hata hasira, hata kudai marudiano. Alirudi kwenye vichekesho na wenzake kana kwamba Aprili haikutokea. Stelingi hupigwa, lakini huachiwa sababu ya kulia.

Na usinishike kwa Riyadh. Sina ugomvi na Saudia. Nusu ya mtaa wetu una mtu kule. Lakini kampuni ilipeleka onyesho lake Novemba 2018, mwezi mmoja tu baada ya mwandishi Jamal Khashoggi kuuawa ndani ya ubalozi mdogo Istanbul. John Cena hakwenda, Daniel Bryan hakwenda. Kampuni ilikwenda, hundi ikasainiwa. Bosi wake, Vince, Januari 2024 alifunguliwa kesi na mfanyakazi wake wa zamani akimtuhumu unyanyasaji wa kingono. Amekana, na mahakama ndiyo ya kuamua, lakini alijiuzulu. Sitaki kukaa hapo.

Ulisema basi niangalie ngumi, "maana ngumi ndiyo safi." Acha mzaha. Ngumi zina wezi wake, mimi na wewe tumewaona majaji waliolala. Ila Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, mtoto wa hapahapa Tanga, alipokwenda Birmingham akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, hakuna mwandishi aliyemruhusu. Hakuna aliyemtarajia pia. Na pale ulingoni kuna daktari anayeweza kusema basi, pambano likaisha. Huyo daktari ndiye ninayemtaka mimi.

Sasa kijana wako. Unasema ananisubiri likizo tuangalie pamoja, na kwamba nimnunulie ule mkanda wa ubingwa wa plastiki. Mlete. Godoro hatuliruki, mama yake ameshanipigia simu kuhusu jicho la mdogo wake. Akitaka kuangalia mieleka, simkatazi, nitakaa naye, na akiuliza nitamwambia yule pale anaitwa nani kwao, na nani analipa akiumia. Wewe na mimi hatukupata mtu wa kutwambia hayo. Coastal Union, timu yetu ya mpira, wakiwa nyumbani tutakwenda uwanja wa Mkwakwani, akaone na kuboronga kusikopangwa.

Mkanda wa plastiki sinunui. Na ile hela ya kifurushi uliyonitumia nimeirudisha kwenye simu yako jana jioni. Makato ni juu yako, uliyaanzisha mwenyewe.

Msalimie mjomba. Mwambie alikuwa sahihi kuhusu viatu.