Utepe wangu unaishia kijani: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kisumu

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu kutoka Nyalenda. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale zaidi ya laki moja tuliokabidhiwa mikoba ya vifaa Septemba 2023. Nyumba zangu ni mia moja na kidogo. Naingia, napima presha, napima sukari, naulizia mjamzito amefika kliniki mara ngapi, natazama kama chandarua kimetundikwa au kimegeuzwa pazia. Kabla mkoba haujaja nilikuwa tayari na kifaa kimoja ambacho sijawahi kutoka nyumbani bila hicho: utepe wa kupima mkono wa mtoto. Ndio ulionifanya nikae chini nikuandikie.

Unaujua utepe wenyewe. Una rangi tatu. Mkono wa mtoto aliye chini ya miaka mitano ukiwa chini ya sentimita 11.5, utepe unasoma nyekundu, na mtoto huyo siku hiyo hiyo lazima afike hospitali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano, hapo namwandikia rufaa ya lishe. Kuanzia hapo kwenda juu ni kijani. Nikisema kijani, mama anapumua, nami nafungua ukurasa wa nyumba inayofuata.

Mwezi Machi nilimpima mvulana wa miaka minne anayelelewa na nyanya yake, dani kama tunavyosema huku. Utepe ulizunguka mkono ukakaribia kuniishia mkononi. Nikasema kijani, kwa mazoea. Dani akapiga makofi, majirani wawili waliokuwa mlangoni wakacheka kwa furaha, mmoja akasema mtoto huyu ametunzwa. Kisha nikamweka kwenye mizani. Kilo 25. Mtoto wa kiume wa miaka minne kwa kawaida huwa na kama kilo 16. Nilipotafuta mahali pa kuweka nukta katika kitabu chake cha kliniki, nukta ilipita mstari wa juu kabisa. Dani alikuwa bado anatabasamu. Nilikaa na kalamu yangu nisijue nimwambie nini, kwa sababu utepe wangu hauna rangi inayokuja baada ya kijani.

Huyo angalau ana kitabu kinachotumika. Cha wa kwangu kilikwisha kazi. Mwanangu ana miaka kumi, yuko gredi ya tano. Kitabu cha mama na mtoto kinamfuata mtoto mpaka afikishe miaka mitano, halafu basi. Mizani inatoweka katika maisha yake hadi siku atakapougua. Nilianza kuona mambo kwa fundi. Suruali ya shule ya rika lake haimpandi kiunoni, kwa hiyo fundi hununua ya mtu mzima, anakata miguu, anapinda. Nikaona tena alipokuja nyumbani siku ya michezo akiwa amekaa tu: mwalimu huwa anamweka golini ili asikimbie, na wenzake wamempa jina ambalo sitaliandika hapa. Nilimpeleka kwenye zahanati moja, nikapanga foleni kutoka asubuhi. Aliyetuhudumia alimtazama mtoto, akaniambia, "Mpunguzie chapati, mama," akaita mgonjwa mwingine. Hakumpima urefu. Hakumpima uzito.

Nitakuambia anachokula, bila kuficha. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na mbili. Yeye hunywa chai ya sukari na mandazi mawili ya shilingi kumi kumi. Saa nne shuleni ananunua smoki, zile soseji, langoni. Jioni nikichelewa, ananunua chipsi za hamsini. Nyoyo ya mahindi na maharagwe inahitaji saa tatu jikoni, na gorogoro ya makaa bei yake ni sahani mbili za chipsi zilizokwisha kuiva. Anayenilaumu kwa hilo ahesabu makaa kwanza. Mboga najua kuzipika, osuga na apoth nimekulia nazo, na mtoto anazipenda. Shida yangu ni saa na makaa.

Na hata samaki wetu, Mheshimiwa. Mbuta anayevuliwa ziwani, minofu yake hukatwa kiwandani ikapanda ndege. Kinachobaki, kichwa na mifupa, huja mtaa wa Obunga, kikakaangwa kwa mafuta mengi yaliyorudiwa na kurudiwa, kikauzwa kama mgongo wazi. Wanawake wanaoukaanga wanasomesha watoto kwa kazi hiyo na ninawaheshimu. Lakini nataka uone njia ya samaki huyo mmoja: nyama inakwenda kwa mwenye pesa, mafuta ya kukaangia yanakuja kwa mtoto wa Obunga.

Najua takwimu zinazowekwa mbele yako. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 3 tu wana uzito uliozidi. Mtu yeyote mwenye bajeti finyu atasema tupigane na lile tatizo kubwa kwanza. Nami nakubali kudumaa ni janga, nimeliona kwa macho. Ila uchunguzi huo huo ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kati ya mtoto wa miaka mitano na mwanamke wa miaka ishirini kuna miaka kumi na mitano. Ndani ya miaka hiyo kumi na mitano hakuna anayempima mtu. Asilimia 3 inaingia upande mmoja, asilimia 45 inatokea upande wa pili, na sisi wenye mizani tumesimama nje. Tena mambo haya mawili yanaishi nyumba moja. Ninazo nyumba ambapo mama anameza dawa za presha kwa ajili ya unene huku mtoto wake mdogo utepe unasoma manjano. Wataalamu wameeleza kwamba mwili ulionyimwa chakula utotoni hujifunza kuhifadhi mafuta, kwa hiyo aliyedumaa leo yumo hatarini kunenepa kesho akianza kula vya bei rahisi.

Labda utaniambia unene ni ugonjwa wa matajiri. Kwa Kenya ya jana kuna ukweli. Utafiti wa nchi 12 uliofanyika kati ya 2011 na 2013 ulipima watoto wa miaka 9 hadi 11 jijini Nairobi, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliozidi, zaidi wakiwa wa familia zenye kipato kizuri, wale wanaopelekwa shule kwa gari. Katika nchi tajiri za utafiti huo mambo yalikuwa kinyume: huko mnene ni mtoto wa maskini. Marekani walipopima kati ya 2017 na 2020, unene wa kupindukia ulikuwa kwa asilimia 26.2 ya watoto wa Kilatino, asilimia 24.8 ya watoto weusi, na asilimia 16.6 ya watoto weupe. Kwa kipato, familia za chini kabisa zilikuwa na asilimia 25.8, zile za juu 11.5. Hakuna damu inayonenepesha. Huko mitaa ya watu weusi ilipakwa rangi nyekundu katika ramani za mikopo ya nyumba miaka ya 1930, mabenki yakaikwepa, maduka mazuri yakaikwepa, na matangazo ya soda na vyakula vya haraka yakaielekea. Mtoto alizaliwa ndani ya ramani.

Nasi tunayo ramani yetu. Reli ilifika hapa 1901. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta Profesa W. J. Simpson kukagua usafi wa miji ya Afrika Mashariki, naye akapendekeza igawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na ardhi tupu katikati. Milimani, mtaa wa Wazungu, ikapata miti, barabara pana na viwanja. Nyalenda, Manyatta na Obunga zikaota nje ya mpaka wa mji wa zamani, bila mtu kuchora wapi watoto watachezea. Sheria ya rangi ilikufa zamani. Mwenye pesa sasa ndiye anayekaa Milimani, awe mweusi au mweupe. Uwanja, lakini, haujawahi kuhamia Nyalenda. Mtoto wa Milimani akinenepa, ana bwawa la kuogelea klabuni, ana daktari, ana mzazi anayeweza kubadilisha kilichomo ndani ya friji. Wa kwangu akinenepa ana kichochoro chenye mtaro wa maji machafu na pikipiki zinazopita.

Sikuandikii kukuomba ushuru wa soda, huo ni wa serikali kuu na Bunge. Nakuandikia kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba linaweka mikononi mwa kaunti mambo ambayo mwanangu hukutana nayo kila siku: huduma za afya, leseni za wanaouzia umma chakula, mabango ya matangazo ya nje, masoko, shule za chekechea, viwanja na mahali pa burudani. Na Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya lishe ya msingi. Hakisemi mpaka miaka mitano.

Anza na mizani. Tuko tayari, sisi wahudumu, kuingia shule za msingi mara moja kwa mwaka. Mizani tunayo, tunachokosa ni ubao wa kupimia urefu na idhini. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa chati za watoto wa miaka 5 hadi 19 tangu 2007, ziko tayari, hazihitaji tume. Ninaomba tu mtoto apimwe peke yake, chumbani, na kilo zake zisisomwe mbele ya darasa. Barua iende kwa mzazi ikiwa imefungwa. Nimeona mwanangu anavyoinamisha kichwa, sitaki kipimo changu kiwe fimbo nyingine.

Pili ni lango la shule. Najua shule ambayo kibao chake cha jina, nusu ni jina la shule, nusu ni chupa ya soda. Mtoto wa chekechea anaijua ile chupa kabla hajaweza kusoma jina la shule yake. Mabango ni kazi ya kaunti, basi yaondolewe karibu na shule, na kibao kipakwe rangi upya. Hiyo ni gharama ya fundi mmoja na debe la rangi. Meksiko wamekwenda mbali zaidi, tangu Machi 2025 wamepiga marufuku vyakula vya chumvi, sukari na mafuta mengi ndani ya shule.

Hapa nakusihi jambo moja, tena kwa uzito. Usitume askari wa kaunti kumwaga smoki za akina mama langoni. Wengi wao ni wateja wangu wa presha, na wanachouza ndicho kinacholipa karo. Mpe leseni ya bei ya chini anayeuza ndizi, parachichi, njugu, mayai ya kuchemsha, nduma na viazi vitamu. Mpe kivuli na maji ya bomba. Nimezungumza na watatu kati yao na wote waliniuliza swali moja: matunda yakioza, hasara ni ya nani? Wana haki ya kuuliza, na mtu wa idara ya masoko akae nao awajibu.

Na chakula cha mchana. Nairobi walianza 2023 kulisha watoto wa shule za umma kwa shilingi tano sahani. Sufuria moja kubwa ya nyoyo inapikwa mara moja kwa makaa ya pamoja, na shida yangu ya saa tatu jikoni inakwisha. Hapa tuna mahindi, tuna maharagwe, tuna omena, tuna mboga za kienyeji zinazonyauka soko la Kibuye kila jioni. Shule za chekechea ziko chini ya kaunti, zingeweza kuwa za kwanza.

Uwanja nimeuweka mwisho kwa kuwa ndio mgumu, ardhi hapa ina wenyewe na ina kesi. Lakini shule zina viwanja, na saa kumi jioni malango hufungwa kwa kufuli. Wizara yako ikae na ile ya michezo na walimu wakuu, wapate mlinzi wa kulipwa hadi saa kumi na mbili. Mwanangu hajui kukimbia na wenzake kwa sababu hajapata mahali pa kujifunzia ambapo hachekwi.

Nilimpima tena Jumapili, mlango ukiwa umefungwa, maana hakutaka dada yake aone. Urefu sentimita 141, uzito kilo 50. Nikapiga hesabu ya uwiano wa uzito na urefu, ikatoka 25, na kwa chati ile ya Shirika la Afya Duniani mvulana wa miaka kumi akishapita 21 na kidogo anahesabiwa kuwa na unene wa kupindukia. Aliniuliza, "Mama, ni kijani?" Nimeandika tarehe na kilo nyuma ya kitabu chake cha zamani cha kliniki, kwenye ukurasa wa mwisho uliobaki mtupu, kwa kuwa sikuona pengine pa kuandika.

Wako katika kazi,
Mhudumu wa afya ya jamii,
Nyalenda, Kisumu