Sifa za "96" zimemsahau Jaanu

Mhariri,

Nimesoma uchambuzi wa filamu ya Kitamil, lugha ya kusini mwa India, iitwayo "96" katika toleo lenu lililopita, ambamo mwandishi anamsifu Ram, mhusika mkuu wa kiume, kuwa mfano wa mwanamume mwenye heshima asiyemgusa mke wa mtu. Nakubali kwamba filamu ni nzuri, nami nimeitazama mara tatu. Hata hivyo, naona mwandishi amesifu pale ambapo filamu imepwaya, na amepita mbiombio pale ilipofanikiwa.

Kwa wasioijua, filamu hii ilitoka Oktoba 2018, nayo ni ya kwanza kuongozwa na C. Prem Kumar, ambaye kabla ya hapo alikuwa akishika kamera. Ram, anayeigizwa na Vijay Sethupathi, ni mpigapicha wa kuzunguka nchi, na siku moja anapitia shule aliyosoma mjini Thanjavur, kusini mwa India. Baada ya hapo waliosoma pamoja, kundi la mwaka 1996, wanaunda grupu la WhatsApp na kukutana katika jiji la Chennai. Jaanu (Trisha), aliyependana na Ram shuleni wakatengana bila kuagana, anakuja kutoka Singapore, anakoishi na mume na binti yake. Wana usiku mmoja tu kabla hajapanda ndege kurudi.

Uzuri wa filamu umo katika wimbo mmoja unaocheleweshwa. Tangu utotoni Jaanu anasifika kwa kuimba nyimbo za S. Janaki, mwimbaji maarufu wa filamu za India, na Ram humwomba wimbo uleule kila mara, "Yamunai Aatrile" wa mtunzi Ilaiyaraaja kutoka filamu ya Thalapathi ya mwaka 1991, naye kwa makusudi huimba mwingine. Zaidi ya miaka 20 baadaye, wakiwa nyumbani kwa Ram, umeme unakatika, na humo gizani, bila ala hata moja, Jaanu anauanzisha. Ram anakurupuka kutafuta mwanga, kama mtu anayeogopa wimbo utakwisha kabla hajamwona mwimbaji. Hakuna busu, wala mvua, wala wacheza shoo 30 nyuma yao kama tulivyozoea katika picha za Kihindi (Kitamil si Kihindi, ingawa huku kwetu tunaziita zote hivyo). Ndiyo maana filamu hii isingefaa kupitishwa kwa wale mafundi wetu wa kutia sauti, kwa sababu wangeujaza maneno ukimya ule wote.

Tukio jingine ambalo mwandishi wenu hakuligusa ni pale wanafunzi wa Ram wa upigaji picha wanapomdhania Jaanu kuwa mke wake. Badala ya kuwasahihisha, Jaanu anawasimulia jinsi walivyokutana tena alipokuwa chuoni. Kwa kweli siku ile Ram alifika chuoni, naye Jaanu, asijue mgeni ni nani, akakataa kuonana naye. Ila katika simulizi yake anamfuata na kumpata. Wasichana wale wanasikiliza kwa furaha, na Ram ameketi pembeni akisikia maisha ambayo hakuyaishi. Trisha anaibeba sehemu hii kwa uso na sauti tu, na kwangu mimi hapo ndipo penye uigizaji bora kuliko pote katika filamu.

Sasa nije kwenye heshima ya Ram. Mtu huyu alikwenda hadi harusini kwa Jaanu, akajificha, akaondoka kabla bibi harusi hajavishwa thali (mkufu wa ndoa), wakati bibi harusi mwenyewe alikuwa akitumaini hadi dakika ya mwisho kwamba angetokea. Kunyamaza kwake kulimwamulia mwanamke maisha yake bila kumuuliza, na filamu inakuita kunyamaza huko upendo mtakatifu. Jaanu analia, anakasirika, kisha anatakiwa kusamehe na kusifu. Mume wake hatumwoni kabisa, jambo linalomrahisishia mwongozaji kazi, kwa kuwa tungemwona tungelazimika kumfikiria naye.

Kasoro nyingine ni ndogo. Wimbo wa mwanzo, Ram akizunguka milimani na jangwani, unapendeza lakini hadithi inasubiri uishe ndipo isogee, na si vyema kupoteza muda hivyo katika filamu ya zaidi ya saa mbili na nusu. Utani wa marafiki kuhusu ubikira wa Ram unarudiwa hadi unachosha.

Mwishoni, Jaanu akiwa ameshaondoka, Ram anazikunja nguo alizoziacha na kuziweka katika sanduku anamotunza kumbukumbu zake tangu shuleni, kisha analifunga. Mwandishi wenu ameandika kwamba hapo alitokwa na machozi ya furaha. Mimi nilipotazama mara ya tatu nilimhurumia Jaanu, ambaye alisafiri kutoka Singapore akarudi akiwa bado ni kitu cha kutunzwa sandukuni.

Msomaji wenu,
Tanga