Barua ya malalamiko: Mama yangu alirudishwa kwa mluzi akiwa njiani kwenda Husuni Kubwa

Kwa Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA KILWA, NAFASI MBILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, sitayanakili hapa. Ninachoomba mkisome kwa utulivu ni kilichotokea Jumamosi iliyopita, saa nane mchana, kwenye njia ya kutoka Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwenda Husuni Kubwa, magofu ya kasri la kale.

Mama yangu ana miaka 71. Amefundisha historia miaka 31, na kila mwaka aliwachorea wanafunzi ubaoni lile bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa, ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulitia machoni. Siku hiyo alikuwa ametangulia na mkongojo wake. Mwongozaji wenu akampigia mluzi. Mama alipogeuka, kijana akasema: "Bi mkubwa, rudi. Mawe ni mawe tu, uliyoyaona yanatosha."

Sababu aliyotoa ni kwamba maji yanakupwa na boti itakwama. Nahodha aliniambia kwa kinywa chake kuwa maji ndiyo kwanza yalikuwa yanajaa. Tuliposhuka Kilwa Masoko, mji wa bara, tukakuta wageni wengine wamekaa na mizigo wanamsubiri kijana huyohuyo. Sasa niambieni nimwamini nani.

Tena ubaya haukuanzia hapo. Asubuhi, mbele ya ngome ya kisiwani iitwayo Gereza, alitutangazia kwamba ile ndiyo ngome waliyoijenga masultani wa Kilwa miaka ya 1300. Mama alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini ili asimwaibishe: "Mwanangu, hapa Wareno walijenga ngome mwaka 1505, wakaondoka 1512. Hili tunaloliona ni la Waomani, la karibu mwaka 1800." Kijana akanuna. Tangu hapo mama akiuliza, hajibiwi. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, tulipewa dakika kumi. Mama alitaka kuwaza kidogo chini ya zile kuba, akaambiwa asichelewe.

Karatasi yenu ya safari imeandikwa "Ngome na miji iliyotangulia". Husuni Kubwa, Husuni Ndogo, magofu ya kisiwa cha jirani cha Songo Mnara, Kivinje. Hatukuona hata kimoja. Kilwa ya leo ni Masoko. Kabla yake Kivinje ndiyo iliyokuwa na nguvu, karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipoteremkia pwani. Kabla ya Kivinje ni Kisiwani, mji uliopiga sarafu zake wenyewe na kunufaika na dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo. Tulilipa shilingi 640,000 tuufuate mji huo kutoka mahali hadi mahali. Siku ya pili, ya Songo Mnara, ilifutwa na hakuna aliyetupigia simu. Tuliamka alfajiri, tukakaa gatini mpaka jua likawa kali.

Narudi kwenye ule mluzi kwa sababu sijaueleza wote. Mama hakurudi mara moja. Alisimama, akamwomba dakika kumi na tano tu, afike aione bahari kutoka pale juu na aitazame Husuni Ndogo na kuta zake nene, ambayo wataalamu wanabishania mpaka leo ilijengewa nini. Aliomba. Mwalimu wa watu, mbele ya watalii tisa, alimwomba kijana anayelingana na mjukuu wake. Kijana hakujibu, alipiga mluzi tena, mara mbili, kama anayeswaga mbuzi, akatupa mgongo kuelekea ufukweni. Mama akaketi kwenye kipande cha ukuta, akafunga vizuri kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Nilimwona mikono inatetemeka.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa Kisiwani. Ameandika kuwa fakiri alimwomba Sultani al-Hasan bin Sulaiman nguo alizovaa, na sultani akampa. Husuni Kubwa yenyewe huhesabiwa kuwa kazi ya sultani huyo. Karibu na kasri la mtu wa namna hiyo, ninyi mmemnyima mzee robo saa.

Nilipowapigia simu Jumapili nilidai nusu ya fedha. Mhudumu wenu akaniambia "magofu tumeonyesha", akakata. Kwa hiyo nusu sitaki tena. Nadai shilingi 640,000 zote. Nadai pia barua ya kuomba radhi iliyoandikwa kwa jina la mama, si langu, na isainiwe na wewe Meneja mwenyewe. Na mtatupeleka tena Kilwa kwa gharama zenu, siku mbili kamili, na mwongozaji anayejua tofauti ya Gereza na Husuni, mama atembee kwa mwendo wake na akae anapotaka kukaa.

Nawapa siku 14 tangu tarehe mtakayopokea barua hii. Siku ya 15 nakala itakwenda Tume ya Ushindani na nyingine kwa wizara inayotoa leseni za utalii, pamoja na risiti, karatasi ya safari na maelezo ya watalii wawili waliokubali kuwa mashahidi. Nikikosa majibu huko, nitakwenda mahakamani, na hapo sitadai laki sita tena.

Mama aliniambia niache, yameshapita. Kwa hili sikumtii.

Wenu,
Mteja aliyelipia nafasi mbili