Aliyekutwa na homa ya ini B apimwe na delta kwa damu hiyo hiyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee watu wanaoishi na homa ya ini aina ya B, ambao wengi wao hurudi nyumbani na majibu nusu. Mimi ni mtaalamu wa maabara, na mikononi mwangu hupita vichupa vya damu vya watu waliogundua hali zao bila kutarajia, huyu akiwa amekwenda kuchangia damu, yule akiwa mjamzito aliyehudhuria kliniki. Majibu yakitoka chanya, mhusika hupangiwa siku ya kumwona daktari na damu iliyobaki hutupwa, ilhali damu hiyo ingetosha kabisa kutuambia kama ana kirusi cha homa ya ini D, yaani delta.

Kirusi hicho, alichokigundua Mario Rizzetto mjini Torino, Italia, mwaka 1977, hakiwezi kujitengenezea ganda. Hujivika ganda la kirusi B, na ndiyo maana hakimpati mtu asiye na B. Mtu mzima anayeambukizwa vyote viwili kwa mpigo mara nyingi hupona. Hatari kubwa ni kwa yule anayekipata delta akiwa tayari anaishi na B, kwa sababu kwa kawaida hubaki navyo vyote, na ini lake husinyaa au kupata saratani mapema kuliko la mwenye B peke yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba takribani asilimia 5 ya wenye B sugu duniani wana delta, na Afrika ya Kati na Magharibi zimo katika maeneo yaliyoathirika zaidi.

Linaloniuma kuliko yote ni jinsi delta inavyompotosha daktari. Kirusi hiki hukandamiza kirusi B, hivyo mgonjwa akipimwa wingi wa virusi B huonekana ana nafuu, huku kimeng'enya cha ALT kikiwa juu kuonyesha kwamba ini linaumia. Nimewahi kupokea fomu ya mama mmoja mwenye majibu ya namna hiyo, na pembeni mwa jina lake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu, "Pombe?" Kipimo cha delta hakikuwamo hata kwenye orodha ya kuwekewa alama. Ni wangapi wameshutumiwa ulevi au dawa za mitishamba, wakaapa wasisadikiwe, na kumbe hakuna aliyewapima?

Mwezi Machi 2024 WHO ilitoa mwongozo unaopendekeza kwamba aliyekutwa na B apimwe kingamwili za delta, ikiwezekana kwa sampuli ile ile bila kuitwa tena, na akionekana nazo apimwe vinasaba vya kirusi chenyewe. Nauli ya kurudi mara ya pili, kwa mtu anayetoka kijijini, yatosha kumfanya asirudi kabisa.

Najua wapo watakaouliza faida ya kupima ugonjwa usio na dawa karibu. Ni kweli kwamba tenofovir hupambana na B wala haigusi delta, kwamba sindano za interferon huchomwa kila wiki kwa takribani mwaka mzima, na kwamba bulevirtide, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020, bei yake haishikiki. Lakini mgonjwa anayejulikana atafuatiliwa kwa karibu, ataangaliwa ini kwa altrasaundi kila baada ya miezi sita, na uvimbe ukijitokeza utaonekana ungali mdogo. Tena, dawa ya ugonjwa ambao hatuna hata hesabu ya wagonjwa wake, nani ataiagiza?

Familia zao nazo zichanjwe, kwa kuwa chanjo ya B humkinga mtu na delta pia. Watoto wetu wameipata tangu mwaka 2002. Watu wazima wengi hawajaipata.

Naiomba Wizara ya Afya ianze na hospitali za rufaa za mikoa: iwapatie vitendanishi vya kingamwili za delta, iongeze mstari mmoja kwenye fomu ya maabara, na sampuli za kupima vinasaba zisafirishwe kwa njia zile zile zinazopeleka sampuli za wingi wa VVU kwenye maabara kubwa.

Mtaalamu wa maabara,
Mwanza